Mistari Minne ya Heshima

Shuleni, Meru
2 Februari 1959

Dada yangu Wambura,

Salamu kwako, kwa Alice, na kwa wakwe zako hapo Mbeere. Mimi ni mzima. Ukiona barua hii iko kwa Kiswahili usidhani nimeota mapembe. Barua zetu hufunguliwa ofisini kabla ya kutoka, na zinazoingia pia, na ile uliyoniandikia kwa Kimbeere ilikaa huko wiki tatu ikitafutiwa mtu wa kuisoma.

Nina habari kubwa. Chuo kimoja cha Amerika kimeniletea fomu. Niliwaandikia mwaka jana bila kumwambia mtu, kwa anwani niliyoikuta kwenye gazeti la zamani, na sikutegemea jibu. Fomu ina kurasa nane. Wanataka kujua urefu wangu, meno yangu, na kama napenda kuimba. Hayo nimejaza. Kuna mahali pamoja pamenishinda. Wanasema: orodhesha heshima ulizopata katika masomo. Wameacha mistari minne tu, na chini wameandika kwamba kila heshima ifuatane na nakala ya cheti chake, iliyogongwa mhuri wa serikali kwamba ni nakala ya kweli.

Vyeti vyangu viko kwako, kwenye sanduku la bati. Kuja mwenyewe siwezi. Kutoka wilaya hii kuingia ya kwetu nahitaji pasi, na hawanipi kabla ya shule kufungwa mwezi wa nne. Fomu lazima iondoke hapa mwezi wa tatu haujaisha. Nakuomba ufungue sanduku, uniandikie kila cheti kinasema nini, hata kama ni herufi kwa herufi, halafu uniambie ungekuwa wewe ungechagua vipi. Najua utasema hujui. Sema tu.

Kama kuna barua ya shemeji kutoka kambi ya kizuizini, niambie.

Mdogo wako,
Muriithi


Mbeere
11 Februari 1959

Mdogo wangu Muriithi,

Nimesoma barua yako mara nne, mara moja kwa kila mstari wa hao watu.

Nashindwa kuzoea jambo hili. Watu wako ng'ambo ya maji yote hayo, hawajui Mbeere iko wapi wala tunakula nini, na wamekaa mezani wakachora mistari, wanamngoja Muriithi wa kwetu awaambie ameheshimiwa kwa nini. Nimekaa nalo siku mbili nikipepeta mtama, na ungo unasimama mkononi. Mama mkwe akaniuliza kama naumwa.

Nilinawa mikono mara mbili. Alice naye nikamnawisha, ingawa nilimwambia asiguse kitu. Nikatandika leso kitandani nikavitoa. Ni sita. Sikujua ni vingi hivyo, maana nilikuwa navipokea kimoja kimoja kila ukifunga shule. Vikiwa pamoja, kitanda hakikuonekana cha kwetu.

Cha kwanza ni cha misheni, 1953, kukariri Zaburi. Cha pili ni darasa la nane, 1955, wewe wa kwanza wilaya nzima, hicho nakikumbuka kwa sababu baba alichinja mbuzi. Cha tatu Mwalimu Hezron wa kanisani amenisomea, ni cha kitanda kisafi kuliko vyote bwenini. Cha nne ni hesabu, 1957. Cha tano ni sayansi, mwaka jana. Cha sita ni cha 1956 na ndicho kizuri kupita vyote. Karatasi nene kama ngozi, mhuri mwekundu wa kung'aa, na juu kuna simba na farasi mwenye pembe moja kwenye paji la uso. Alice ameuliza kama farasi huyo ni mgonjwa. Maneno yake ni ya Kiingereza kirefu, nimekunakilia kwenye karatasi nyingine, lakini neno moja nalijua, ni Serikali.

Mimi nimevipanga kwa ukubwa wa mhuri. Cha simba kiwe mstari wa kwanza. Mtu akiona simba huyo hataendelea kusoma, atakupa nafasi hapo hapo. Halafu darasa la nane, halafu hesabu, halafu sayansi. Kile cha kitanda kinaniuma kukiacha, kwa sababu najua nani alikufundisha kutandika.

Barua ya shemeji yako, Mwalimu wangu, ilikuja mwezi uliopita, mistari sita ya penseli, miwili imepakwa wino mweusi. Anasema hajambo, wamehamishwa kambi, na anauliza Alice anahesabu mpaka ngapi. Nimemjibu kwamba anafika sitini halafu anarudi arobaini. Mtoto ana miaka minne na nusu, na baba yake hajawahi kumwona hata siku moja.

Ni mimi dada yako,
Wambura


Meru
17 Februari 1959

Dada Wambura,

Hii haipiti ofisini. Nimempa Kathuri, dereva wa lori la miraa linalotoka Kangeta, na ataiacha kwenye bucha ya Bwana Omar mjini Embu. Mkewe, Bi Zuena, atakupa ukienda na ndengu zako. Nawe ukijibu mpe yeye. Sasa tunaweza kuandika kama watu.

Nimecheka habari za farasi mgonjwa mpaka wenzangu wakaniuliza ni barua ya nani.

Darasa la nane, hesabu na sayansi, sawa. Hivyo vitatu vipeleke ofisi ya serikali mjini, kwa bwana D.O., umtafute karani Hezekiah, huyo hupiga nakala kwa mashine na kuzipeleka kugongwa mhuri. Cha simba kiache ndani ya sanduku. Hakina maana. Ni karatasi nene tu.

Basi mstari wa nne nitauacha wazi. Ningekuwa na cha kuujaza kama si ule moto. Unakumbuka mwaka wa 1952, kabla shule yetu ya Kiamuthari haijafungwa, zile shule zote huru za Embu na Meru zilipokutana kwa mashindano ya hesabu? Nilikuwa na miaka kumi na miwili na suruali ya kaka. Mwalimu Mbaka alikuwa hajawa shemeji bado, alikuwa mwalimu tu, na mimi nilimwogopa. Waliandika maswali ishirini ubaoni. Nilipomaliza niliinua kichwa nikaona wote bado wameinama, nikadhani nimekosea mahali, nikaanza tena kutoka mwanzo, na bado nikawa wa kwanza. Alinibeba mabegani kutoka hapo mpaka mtoni. Jioni ile akakaa akaniandikia cheti kwa mkono wake, kwa sababu shule haikuwa na pesa za kuchapisha, akakiweka kabatini.

Halafu askari walipokuja kufunga shule mwezi wa kwanza walitoa kabati nje wakalichoma na kila kitu, nami nimesimama pale. Vingine vyote nimevipata nikijua navitafuta. Kile nilikipata nikicheza. Lakini kilishakuwa majivu, basi.

Wako,
Muriithi


Mbeere
26 Februari 1959

Mdogo wangu,

Naendelea na Kiswahili ingawa hakuna tena wa kutufungulia. Nimeanza kukipenda, na neno likinishinda namuuliza Bi Zuena, ambaye ananicheka kwanza halafu ananipa.

Kwanza nikugombeze. Mtu anapewa simba na anasema ni karatasi nene tu. Kijana, umeshiba nini huko Meru? Kama kuna sababu, sema sababu.

Pili ni jambo ambalo nimelikalia miaka sita, na nimelia kidogo kabla ya kuchukua kalamu, kwa hivyo usishangae mahali wino umetanuka.

Cheti chako cha 1952 hakikuungua. Siku mbili kabla ya askari kuja, Mwalimu alinituma nifagie ofisi, mimi nilichelewa kuanza shule, nilikuwa msichana mkubwa wa darasa la nne nikikaribia kuacha. Nilikiona kabatini, na jina lako limeandikwa vizuri, nikakitia ndani ya nguo nikuletee. Halafu moto ukatokea, na watu wakaanza kuchukuliwa kwa sababu ya karatasi ndogo kuliko hiyo. Niliogopa kukwambia, wewe ulikuwa mtoto na mtoto husema. Nikakifungua kitabu cha nyimbo kwenye jalada, nikakiingiza, nikagandisha ukingo kwa uji, ambao huachia ukiulowesha kidogo. Kimekwenda nami kanisani kila Jumapili miaka yote hii. Walipopekua nyumba mara tatu walikishika hicho kitabu wakakirudisha mezani.

Sasa nikwambie kwa nini sikukwambia hata ulipokuwa mkubwa. Si hofu tena. Baada ya Mwalimu kunioa na kisha kuchukuliwa, waliondoka na madaftari yake yote. Barua anazoandika kambini zinaandikwa mtu akiwa amesimama nyuma yake, unaona hata kwenye herufi, zimebanana kama watu kwenye foleni. Hiki aliandika hakuna mtu amesimama nyuma yake. Ile herufi ya kwanza ya jina lako ameizungusha mpaka ikaota mkia. Alikuwa anafurahi. Ndipo mahali pekee ninapoweza kumwona akifurahi, Muriithi, na najua maneno yote kichwani kwa sababu alinisomea mara nyingi mwaka tuliooana, Kiingereza chake na maana yake.

Ni chako. Nisamehe. Nitakunakilia maneno yake kwa mkono, lakini najua wao wanataka mhuri.

Wako,
Wambura


Meru
3 Machi 1959

Dada,

Nimesoma nikiwa nje ya shule, upande wa Kinoru, nikakaa kwenye nyasi kama mtu aliyeambiwa maiti amefufuka.

Usikipeleke. Tafadhali nisikilize. Fikiria unachotaka kufanya. Utaingia ofisi ya D.O. na karatasi yenye jina la shule waliyoichoma, imetiwa sahihi na mtu waliyemfunga, na uwaombe wao waigonge mhuri kwamba ni ya kweli. Watakuuliza umeitoa wapi, na mbona hukuitoa walipopekua. Na ruhusa yangu ya kusafiri inatoka wilaya hiyo hiyo. Kuna kijana wa darasa letu alinyimwa kwa sababu mjomba wake alikula kiapo cha watu wa msituni. Shemeji si mjomba, ni karibu zaidi. Mistari mitatu inatosha. Nitaandika mitatu, wa nne uwe mweupe.

Uliuliza sababu ya simba. Nilitaka kukuficha, lakini wewe umenipa yako.

Mwaka wa 1956, nikiwa kidato cha kwanza, tuliambiwa tuandike insha, kichwa chake ni Faida za Serikali Njema. Ilisemwa wazi kwamba wanafunzi wenye jamaa kambini wataangaliwa wanaandika nini. Niliandika kwamba walio kambini wanatibiwa ugonjwa, na kwamba watarudi wakishukuru. Walitaka mifano. Nikatoa mfano wa mwalimu mmoja ninayemjua, mwenye akili nzuri zilizopotoshwa. Sikutaja jina lakini kila mtu hapa alijua. Insha ikawa ya kwanza mkoa mzima. Waliisoma mbele ya shule. Nilikuja nyumbani likizo ile nikakupa cheti, ukamshikisha Alice ili acheze na mng'ao wa mhuri ukutani, nikatoka nje.

Sasa unajua umekuwa ukitunza nini kwenye leso.

Muriithi


Embu mjini, kwa Bi Zuena
17 Machi 1959

Mdogo wangu,

Kathuri atakupa bahasha kubwa. Ndani kuna nakala nane, mbili mbili kwa kila cheti. Darasa la nane, hesabu, sayansi, na kile cha 1952.

Usigombe. Nilipata kibali kwa chifu cha kuja mjini kuuza ndengu, nikamchukua Alice, tukatoka kukiwa bado giza. Sikumwambia mtu. Nilipofika ofisini nilikuta wazee wa kesi za mashamba wamejaa kwenye benchi, tukangoja mpaka saa nane mchana. Karani Hezekiah ni mtu mwembamba anayekohoa. Akaniambia utaratibu wao: mwenye karatasi asome, karani apige, kisha bwana D.O. alinganishe na kugonga. Kwa kawaida kuna karani mwingine wa kusoma lakini siku hiyo hakuwepo. Akaniuliza, "Mama, unasoma Kiingereza?" Nikasema ninasoma herufi. Akasema, "Basi nisomee herufi, Mungu atusaidie."

Vile vitatu tulivipiga herufi kwa herufi mpaka wazee wakaanza kulala. Nikatoa cha nne. Na Muriithi, mdomo wangu ukafunguka ukasema maneno. Si herufi, ni maneno mazima ya Kiingereza, yote, tangu jina la Kiamuthari mpaka sahihi, jinsi Mwalimu alivyokuwa akiyasema, na karani anapiga tu ta-ta-ta nyuma yangu. Sauti ilikuwa yangu na haikuwa yangu. Hezekiah alipofika mwisho akaacha mikono juu ya mashine akaniangalia. Akasema pole pole, "Mama, hiki ungekiacha nyumbani." Nikamwambia kimekaa nyumbani vya kutosha.

Bwana D.O. ni kijana, ana ngozi nyekundu shingoni kama aliyeungua na jua. Anajua Kiswahili. Alilinganisha vitatu haraka, akagonga. Kwenye cha nne kidole chake kikasimama. Akauliza, "Huyu Mbaka ni nani?"

Nikasema, "Ni mume wangu, bwana."

"Yuko wapi?"

"Yuko kwenu, bwana."

Hezekiah akashikwa na kikohozi. Bwana D.O. alirudi mwanzo wa karatasi, akafuata kila neno kwa kidole, hii na hii, hii na hii, sijawahi kuona mtu akisoma kitu cha Mwalimu kwa uangalifu namna hiyo tangu ashikwe. Kisha akasema, "Kazi yangu ni kusema kama zinafanana. Zinafanana." Akagonga. Alice, ambaye alikuwa akihesabu mihuri kwa sauti tangu tuingie, akasema, "Nane." Bwana akamwangalia mtoto, akaangalia karatasi, akamwangalia mtoto tena.

Hebu ishike hiyo nakala. Liko taji la Malkia, na maneno ya kwamba hii ni kweli, na pembeni mwake kabisa liko jina la mume wangu. Wale wale waliomchukua. Nilitoka nje nikaja moja kwa moja hapa kwa Bi Zuena.

Kuhusu insha yako. Nimeifikiria siku nyingi, ndiyo sababu nimechelewa. Uliiandika mtu akiwa amesimama nyuma yako. Mwalimu naye siku hizi huandika hivyo, na mengine anayoandika humo si yake, najua. Simhesabii. Wewe nikuhesabie kwa nini? Ulikuwa na miaka kumi na sita. Lakini usiitie kwenye mistari. Ile si heshima uliyopewa, ni uliyonyang'anywa.

Karatasi yenyewe ya Mwalimu isikupe wasiwasi. Iko mahali pakavu, mchwa hawafiki.

Dada yako,
Wambura


Bucha ya Omar, Embu
20 Machi 1959

Kwa mwanangu Muriithi,

Assalaam alaikum, au salamu za kwenu, chagua. Ni mimi Zuena mke wa Omar. Mwezi wa Ramadhani huu nimefunga, bucha haina wateja mchana, na nina neno ambalo siwezi kufunga nalo. Dadako alinifanya niape nisikwambie. Sikuapa. Nilisema "mmh" tu, na yeye akadhani nimeapa.

Alipotoka kwa D.O. siku ile alikaa kwenye gogo letu la kukatia nyama, huku kamshika mtoto, hajui kakaa juu ya nini. Nikamwambia, "Wambura we, utatoka hapo na sketi nyekundu." Hakusikia. Nikampa maji akayashika tu. Anasema, "Wamegonga, Bi Zuena, wamegonga," na anacheka, na machozi yanashuka, nikajua hapa pana jingine.

Nimelipata kwa Hezekiah. Alikuja jioni kuchukua ratili mbili za nyama na nikamwambia haondoki nazo mpaka aseme. Bwana D.O. alimrudishia vyeti vitatu. Kile cha nne, kile cha mkono wa mumewe, alikiweka upande. Akasema nakala atapewa lakini chenyewe hakitoki, kitaingia kwenye faili la huyo mtu. Dadako akamwomba mara moja. Akasema, "Bwana, naomba nakala zote mbili ubaki nazo, unipe hicho." Akaambiwa haiwezekani. Hakuomba mara ya pili. Akafunga bahasha yako, akashukuru, akatoka.

Basi hiyo ndiyo sehemu kavu aliyokuandikia hapa mbele yangu, isiyofikiwa na mchwa. Anadhani ukijua utazichana nakala kwa hasira. Mimi nakwambia ili usizichane. Ukizichana nitamtuma Kathuri akuchape na fito za miraa.

Omar anakusalimu. Ukifika huko Amerika usisahau kuna watu wanauza nyama.

Bi Zuena


Meru
24 Machi 1959

Dada Wambura,

Bi Zuena ameniambia. Usimgombeze, yuko kwenye saumu.

Nilikaa na fomu mbele yangu siku nzima ya Jumapili. Mara ya kwanza niliona nisiandike kabisa, wala cha 1952 wala kingine, niirudishe tupu. Halafu nikafikiri kwamba hapo utakuwa umetoa kile kitu bure.

Nimeijaza. Mstari wa kwanza nimeandika: 1952, wa kwanza katika hesabu, mashindano ya shule huru za Embu na Meru, Shule ya Kiamuthari, mwalimu Mbaka. Halafu darasa la nane, halafu hesabu, halafu sayansi. Yule simba hayumo. Fomu imeondoka jana na posta. Huenda watanikubali na huko kwetu wakaninyima ruhusa. Nimeandika nikijua.

Lakini ile karatasi sikubali. Naweza kumwandikia bwana mkubwa wa wilaya barua ya heshima nikaomba irudishwe. Kiingereza changu kinatosha. Nitasema ni mali ya shule iliyofungwa, au mali yangu, kwa kuwa jina ni langu. Niambie ndiyo tu, naiandika leo. Nimekunyang'anya mahali pekee ulipokuwa unamwona.

Muriithi


Mbeere
5 Aprili 1959

Mdogo wangu Muriithi,

Nimefurahi kwa mstari wa kwanza. Nimemwambia baba mkwe, yeye hajui kusoma, akaniuliza hao wa Amerika watalitamka vipi jina la mwanawe. Tukabaki tunalijaribu, sisi wawili, kwa mdomo wa kizungu. Ni mara ya kwanza miaka mitano nimemwona akicheka kwa jina hilo.

Usiandike barua ya kuomba. Nisikilize mpaka mwisho.

Ni kweli siku ile niliumia. Nilipokuwa natembea kurudi nilijiona kama nimemtoa Mwalimu kwa mikono yangu mara ya pili. Bi Zuena alinipa maini nikayasahau bucha. Wiki nzima nilikuwa nikifungua kitabu cha nyimbo, najua hakimo, na nafungua.

Halafu Jumatano nikiwa nachota maji nikapata wazo, na nikakaa chini pale kisimani na mtungi umejaa.

Nilimuuliza Hezekiah siku ile faili ni kitu gani. Alinionyesha kwa mikono. Akasema la Mwalimu ni nene hivi, na kwamba kila baada ya miezi fulani wanakaa watu watatu kambini, wanalifungua na kulisoma ili waamue kama mtu arudi nyumbani au akae. Nikamuuliza ndani yake kuna nini. Akasema, mama, ndani ya faili huingia yale watu waliyosema juu yako. Sasa nani amesema juu ya Mwalimu? Askari wamesema. Majirani waliogopa wakasema. Aliyeandika insha hakuandika jina, lakini labda nayo imo. Miaka mitano wanatia maneno mabaya, na kila wakikaa wanayasoma hayo hayo, na kila mara wanasema bado. Sisi tunaompenda hatukuwahi kupewa hata mahali pa kuandika.

Na sasa, katikati ya hayo yote, iko karatasi moja kwa mkono wake mwenyewe. Haikuandikwa kumsifu yeye. Inasema tu kwamba kulikuwa na watoto, na mmoja wao alijua hesabu, na mwalimu wake alifurahi mpaka herufi ikaota mkia. Bwana D.O. mwenyewe ameiweka. Hawawezi kufika mwisho wa faili bila kuigeuza. Mtu atakuwa amekaa, amechoka, anageuza karatasi za lawama, na hiyo itatokea mbele yake. Sijui atafanya nini. Lakini ataiona.

Wewe walikupa mistari minne. Yeye hawakumpa hata mmoja, na sisi tumempa.

Iache mahali ilipo.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Wambura, mama Alice